Fungu na Jedwali: Historia ya Kufundisha Kuzidisha na Kugawanya Katika Pwani ya Afrika Mashariki na Tanzania

Kuzidisha na kugawanya ni matendo mawili ya hesabu ambayo mtoto hukutana nayo katika madarasa ya mwanzo ya shule ya msingi, baada ya kuzoea kujumlisha na kutoa, na kwa watoto wengi ndiyo matendo yanayoamua kama hesabu itakuwa somo la kupendwa au la kuogopwa maisha yote. Kwa kuwa hufundishwa shuleni, na kwa kuwa shule za misheni na za serikali zilikuja pamoja na wageni wa karne ya 19, imezoeleka kudhani kwamba historia ya kuyafundisha katika pwani ya Afrika Mashariki na bara yake ilianza siku mwalimu wa kwanza alipochora jedwali ubaoni. Dhana hiyo haisimami mbele ya ushahidi uliomo katika lugha yenyewe, katika vipimo vya nafaka na nguo, katika mchezo wa bao na katika ugawaji wa mirathi. Watu wa pwani walizidisha na kugawanya kila siku, na watoto wao waliyajifunza hayo sokoni, jikoni na barazani. Shule iliongeza njia ya kuyaandika na kuyakariri, lakini mara nyingi iliyatenga na vitu vilivyoyapa maana, na historia yote inayofuata inaweza kusomwa kama jitihada ya kuviunganisha tena vitu viwili vilivyoachana: fungu na jedwali.

Fungu hapa ni kundi la vitu vilivyowekwa pamoja kwa idadi inayojulikana, kama fungu la nyanya au la dagaa lililopangwa gengeni. Jedwali ni orodha ya majibu ya kuzidisha namba ndogo, ambayo wanafunzi wa Tanzania wameizoea zaidi kwa jina la tebo. Mtoto anayelijua fungu pekee anaelewa lakini anachelewa, na anayelijua jedwali pekee anawahi lakini haelewi.

Maneno na vipimo vya kale

Maneno ya hesabu katika Kiswahili yana tabaka zaidi ya moja. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni maneno ya Kibantu, ilhali sita, saba na tisa yametoka katika Kiarabu na kuyasukuma pembeni maneno ya zamani tandatu, fungate na kenda. Kenda bado husikika kwa wazee na katika fasihi, na fungate limebaki kama jina la siku saba za maharusi. Ishirini, mia na elfu nayo ni ya Kiarabu, na laki limevuka bahari kutoka Bara Hindi. Majina ya matendo yana mchanganyiko huohuo: kuzidisha limejengwa juu ya zidi, lenye asili ya Kiarabu, wakati kugawanya linatokana na gawa, mzizi wa Kibantu ambao umezaa ukoo mzima wa maneno. Mtu hugawa chakula, humgawia mgeni, ndugu hugawana urithi, mwalimu huwagawanya wanafunzi katika makundi, na namba hugawanyika bila kubaki kitu. Kila kiambishi kinachoongezwa hutaja jambo ambalo hesabu ya maandishi hulificha, yaani nani anatoa, nani anapokea na kitu kinakatwa vipi, hivyo mtoto anayekua ndani ya Kiswahili huwa ameshazisikia sura nyingi za kugawanya kabla hajaiona alama yake.

Vipimo vya soko vilikuwa shule nyingine. Nafaka ilipimwa kwa kibaba, chombo kidogo ambacho methali inasema hujazwa kwa haba na haba. Vibaba viwili vilifanya kisaga, na visaga viwili, yaani vibaba vinne, vilifanya pishi. Nguo na kamba zilipimwa kwa mwili: shibiri ni urefu wa kiganja kilichotandazwa toka dole gumba hadi kidole cha mwisho, shibiri mbili hufanya mkono, mikono miwili hufanya wari, na wari mbili hufanya pima. Mpangilio huu una kanuni moja iliyo wazi, nayo ni kukunja, yaani kuongeza maradufu. Kutoka kibaba hadi pishi, au kutoka mkono hadi pima, mtu hakuhitaji jedwali la nne, kwa maana alikunja mara moja kisha akakunja tena, na aliporudi chini aligawa nusu kwa nusu. Huko ndiko kuzidisha na kugawanya kwa nne, na mtoto aliyetumwa dukani na kuona vibaba vinne vikimiminwa ndani ya pishi moja alikuwa amepata somo kamili bila mwalimu.

Ukubwa wa hesabu hizo uliongezeka pale biashara ilipopanuka. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo na miji mingine ya pwani kuelekea Tabora na Ujiji ilikuwa na wapagazi wengi, na posho iliyozoeleka ya mpagazi ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Kiongozi wa msafara wenye wapagazi 60, ambao ungekaa njiani siku 15 kabla ya kufika mahali pa kununua chakula, alipaswa kujua kwamba wangekula vibaba 900, kisha azigeuze hesabu hizo ziwe pishi ili apatane bei na muuzaji. Nusu ya 900 ni visaga 450, na nusu ya visaga 450 ni pishi 225. Aliyekosea hapo hakupata alama ya kosa kwenye daftari. Watu wake walilala njaa porini. Uchumaji wa karafuu Unguja na Pemba nao ulilipwa kwa pishi, na mchumaji alilazimika kulinganisha pishi alizojaza na ujira aliopewa, kwa sababu, kama wasemavyo Waswahili, mali bila daftari hupotea bila habari.

Mchezo wa bao uliwapa watoto mazoezi yaleyale kwa furaha. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, yaliyopangwa katika safu nne zenye mashimo manane kila moja, na kete 64, ambazo kwa kawaida ni mbegu za mkomwe. Katika bao la kujifunza kila shimo huanza na kete mbili, hivyo mtoto huona kwa macho kwamba mashimo 32 yenye kete mbilimbili hufanya kete 64, na kwamba kila mchezaji, akiwa na nusu ya ubao, ana kete 32. Mchezaji hodari huchota kete za shimo na kujua zitakapoishia kabla hajatua hata moja, na ujuzi huo wa kusambaza idadi fulani, moja kwa kila shimo, ni ndugu wa karibu wa kugawanya.

Chuoni na hesabu ya mirathi

Kabla ya shule za serikali, mahali rasmi pa kusomea palikuwa chuo, yaani shule ya Qurani, ambako watoto waliandika kwenye ubao wa mti na kusoma kwa sauti pamoja. Kazi kubwa ya chuo ilikuwa dini na kusoma, na Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye maelezo yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa Ujerumani mwaka 1903, anakumbukwa kwa kuandika juu ya malezi na elimu ya watoto wa pwani. Hata hivyo, hesabu haikukosekana. Wanafunzi walikutana na tarakimu za Kiarabu na mpangilio wa abjadi, ambamo kila herufi ina thamani ya namba, na waliopanda ngazi za elimu walifika kwenye elimu ya mirathi, ambayo kwa sehemu kubwa ni elimu ya kugawanya.

Sheria ya Kiislamu imeweka mafungu sita yaliyotajwa wazi: nusu, robo, thumni yaani sehemu moja ya nane, thuluthi mbili, thuluthi moja na sudusi yaani sehemu moja ya sita. Mwanachuoni aliyetakiwa kugawa mali alitafuta kwanza namba inayogawanyika kwa mafungu yote yanayohusika, na namba hiyo iliitwa asili ya suala. Mfano mmoja unatosha kuonyesha kina cha kazi hiyo. Mtu amefariki akaacha mke, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike. Mke hupata thumni, na kinachobaki huwaendea watoto, mwanamume akipata mafungu mawili kwa kila fungu moja la mwanamke. Mali ikihesabiwa kuwa sehemu 24, mke anapata 3 na watoto wanabakiwa na 21, ambazo zinapaswa kugawanywa katika mafungu matano, na 21 haigawanyiki kwa 5. Mgawaji hakatishi sehemu wala hamdhulumu mtu, bali huzidisha 24 kwa 5 na kupata 120: mke sasa anapata 15, na 105 zinazobaki zikigawanywa kwa 5 hutoa 21, hivyo binti anapata 21 na kila mtoto wa kiume anapata 42. Jumla yake ni 120 kamili.

Katika suala hili kuzidisha na kugawanya vinafanya kazi pamoja, kimoja kikimtumikia mwenzake, na sababu ya kuvitumia ni haki. Vitabu vya hisabati vya Tanzania navyo hutumia neno asili kwa namba ya chini ya sehemu, ile inayoonyesha kitu kizima kimekatwa mara ngapi, na neno kiasi kwa namba ya juu. Mwanafunzi wa leo anayetafuta kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa namba zote zilizotolewa, anarudia hatua ileile aliyoipiga mgawaji wa mirathi.

Rupia, kodi na shule za Wajerumani

Utawala wa Wajerumani ulihitaji makarani, wakusanyaji wa kodi na watumishi wa posta na forodha, na kwa haja hiyo ulianzisha shule za serikali, ya kwanza ikiwa ile ya Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890. Shule hizo zilifundisha kwa Kiswahili, uamuzi ambao ulikuwa na athari kubwa, kwa sababu ulilazimisha hesabu ya maandishi itafutiwe maneno ya Kiswahili mapema kuliko katika makoloni mengi ya jirani. Hesabu ilikuwa miongoni mwa masomo makuu pamoja na kusoma na kuandika, na lengo lake lilijulikana: kodi ya vibanda iliyoanza kutozwa mwaka 1898 ilikuwa rupia 3 kwa kibanda cha kijijini, na mtu aliyetumwa kwenye kijiji chenye vibanda 47 alipaswa kujua kwamba angerudi na rupia 141.

Fedha za wakati huo zinaonyesha jinsi kipimo kinavyoweza kubadili hesabu inayofundishwa. Rupia moja ilikuwa na anna 16, na anna moja ilikuwa na pesa 4, hivyo rupia ilikuwa pesa 64. Ni idadi ileile ya kete za bao, nayo ina sifa ileile: hukatika nusu kwa nusu bila kubaki kitu, toka 64 hadi 32, 16, 8, 4, 2 na 1. Mwenye kugawa rupia kwa watu wanne au wanane hakupata shida, na mwenye kununua pishi 7 za nafaka kwa bei ya anna 5 kila moja alifika kwenye anna 35, akatoa 16 mara mbili, akajua kwamba anadaiwa rupia 2 na anna 3. Mwaka 1904 Wajerumani waliondoa pesa 64 na kuigawa rupia katika heller 100. Kwa mhasibu wa serikali mabadiliko hayo yalikuwa nafuu, kwa kuwa namba za kumi na mia huandikika kirahisi na kuzidisha kwa kumi ni kuongeza sifuri tu. Kwa mama wa sokoni, aliyezoea kukata nusu, 100 ilikwama upesi: nusu yake ni 50, nusu ya hiyo ni 25, na baada ya hapo hakuna nusu kamili. Hesabu ya kukunja na kukata nusu ilianza kupoteza nafasi yake mbele ya hesabu ya makumi, na shule ndiyo iliyokuwa mlango wa hesabu hiyo mpya.

Jedwali la kumi na mbili

Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, Tanganyika iliwekwa chini ya Uingereza, na mwaka 1921 shilingi ya Afrika Mashariki yenye senti 100 ikawa fedha ya eneo hilo. Sarafu ndogo za senti zilikuwa na tundu katikati, hivyo ziliweza kutungwa kwenye uzi, na uzi wa sarafu kumi za senti kumi ulikuwa shilingi moja inayoonekana na kushikika. Kwa upande mwingine, Waingereza walileta vipimo ambavyo havikufuata kumi: futi moja ilikuwa inchi 12, yadi moja futi 3, ratili moja aunsi 16, na pauni moja shilingi 20. Mwanafunzi wa darasa la nne alitakiwa kuibadili hesabu toka kipimo kimoja hadi kingine, na kazi hiyo haikuwezekana bila majibu ya kuzidisha yaliyokaa kichwani.

Ndipo jedwali la kuzidisha lilipopata umbo lake linalojulikana hadi leo, toka 1 hadi 12. Kikomo cha 12 ni kumbukumbu ya inchi za futi, dazani za madukani na peni 12 za shilingi ya Uingereza yenyewe, maana kwa mtu anayehesabu kwa kilo, mita na senti pekee, jedwali la kumi lingetosha. Vipimo hivyo vimeondoka, lakini jedwali limebaki na safu zake mbili za ziada, na vizazi vya wanafunzi vimelikuta limechapishwa nyuma ya jalada la madaftari yao ya mazoezi. Njia ya kulifundisha ilikuwa kuitikia kwa pamoja. Mwalimu aligonga ubao kwa fimbo na darasa likajibu: mbili mara moja, mbili, mbili mara mbili, nne, mbili mara tatu, sita. Njia hii ilishabihiana na kisomo cha chuoni, ambako watoto walikuwa wamezoea kukariri kwa sauti, na hiyo ni sababu mojawapo iliyoifanya ikubalike haraka. Adhabu kwa aliyesahau ikawa sehemu ya somo, na katika kumbukumbu za watu wengi tebo na fimbo vimebaki pamoja.

Haitakuwa haki kuuhukumu ukariri wote kuwa upotevu, wala kuwalaumu wapangaji wa elimu peke yao. Tume ya elimu ya Phelps-Stokes, iliyotembelea Afrika Mashariki mwaka 1924, ilikuwa tayari imehimiza masomo yafungamane na maisha ya wanafunzi, na Kamati ya Lugha ya Kiswahili iliyoundwa mwaka 1930 ilisaidia kusanifisha Kiswahili cha vitabu vya shule, vikiwemo vya hesabu. Tatizo lilikuwa mtihani. Nafasi za kuendelea na masomo baada ya darasa la nne zilikuwa chache, mtihani ulipima wepesi wa kujibu, na mwalimu mwenye busara alifundisha kile kilichoweza kumvusha mwanafunzi wake. Kugawanya kulifundishwa kama utaratibu wa hatua, gawa, zidisha, toa, shusha, na mwanafunzi aliweza kuimaliza hesabu ndefu ya kugawanya bila kujua kwamba alichokuwa akifanya ni kutafuta mafungu mangapi ya kigawanyo yamo ndani ya namba inayogawanywa.

Hisabati mpya na Elimu ya Kujitegemea

Uhuru ulileta swali la hesabu ya namna gani ifundishwe kwa taifa jipya, na jibu la kwanza lilitoka nje. Kuanzia mwaka 1962, warsha zilizofanyika Entebbe, Uganda, ziliwakutanisha walimu na wataalamu wa hisabati wa Kiafrika na wa Kimarekani kuandika vitabu vipya kwa ajili ya nchi za Afrika zilizotumia Kiingereza. Vitabu hivyo vilifuata mtindo ulioitwa hisabati mpya, ambao ulianza na seti, yaani mkusanyiko wa vitu, na kueleza kuzidisha kama kuunganisha seti zenye idadi sawa au kama safu na mistari ya vitu. Wazo hilo lilikuwa karibu sana na fungu, lakini lilikuja likiwa limevaa alama na istilahi ambazo walimu wengi hawakuwa wameandaliwa kuzifundisha, na wazazi hawakuzitambua. Nchini Kenya malalamiko yaliongezeka hadi mwaka 1981, Rais Daniel arap Moi alipoagiza hisabati hiyo iondolewe shuleni.

Utafiti uliotokana na harakati hizohizo ulitoa fundisho lenye uzito zaidi kuliko vitabu vyenyewe. Mwaka 1967 John Gay na Michael Cole walichapisha kitabu kuhusu Wakpelle wa Liberia, wakionyesha kwamba wakulima wa mpunga ambao hawakusoma shule waliweza kukisia idadi ya vikombe vya mchele vilivyomo ndani ya bakuli kwa usahihi kuwazidi Wamarekani waliosoma, ilhali watoto wao walishindwa masomo ya hesabu. Ujuzi wa kupima ulikuwepo nyumbani na shule haikuuita kwa jina. Ingawa Liberia iko mbali na pwani ya Waswahili, mtu anayekijua kibaba na pishi hawezi kulisoma jambo hilo bila kuitambua hali ya kwao.

Mwaka huohuo wa 1967 Julius Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, uliotaka shule ya msingi imwandae mtoto kwa maisha ya kijijini badala ya kumwandaa kwa mtihani tu, na Kiswahili kikafanywa lugha ya kufundishia katika shule ya msingi nzima. Kila shule ilitakiwa kuwa na shamba, na shamba lilikuwa ubao mzuri wa kuzidishia kuliko wowote uliotundikwa ukutani. Matuta 8 yenye mashimo 12 ya mahindi kila moja ni mashimo 96, na yakitazamwa kwa upande wa pili ni mistari 12 yenye mashimo 8, na jibu halibadiliki. Mtoto anayesimama pembeni ya shamba hilo hahitaji kuambiwa kwamba mpangilio wa namba katika kuzidisha haubadili zao. Mbegu tatu kwa kila shimo zinampeleka kwenye 288, na mbegu zikipungua analazimika kugawanya. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na hesabu ya mbolea, pamba na mauzo ya ushirika ikawafikia hata wazazi.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto aandikishwe shule kufikia mwaka 1977, na vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa na kuandaliwa kuwa walimu huku wakifundisha. Haki ya kusoma iliwafikia watoto wa vijiji ambavyo havikuwahi kuwa na shule, na hilo ni jambo kubwa lisilopaswa kupunguzwa. Lakini darasa lenye watoto wengi, vitabu vichache na mwalimu kijana humrudisha mwalimu kwenye chombo kinachogharimu sauti tu, yaani kuitikia tebo. Hali kama hiyo ilijirudia ada za shule ya msingi zilipofutwa na madarasa kufurika tena mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Swali la neno mara

Mwaka 2015 Tanzania ilianza kutumia mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliojikita katika KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na tathmini ziitwazo Uwezo, zilizoanza Afrika Mashariki mwishoni mwa muongo uliotangulia, zilikuwa zimewasukuma wazazi na serikali kuuliza watoto wanajua nini hasa baada ya miaka kadhaa darasani. Vizibo vya soda, vijiti, mawe na mbegu vimerudi kwenye madawati kama zana za kuhesabia, na mtoto huambiwa apange mafungu matatu yenye vizibo vinne kila moja kabla ya kuandika chochote. Fungu limerudi shuleni kwa jina lake.

Bado kuna jambo moja la lugha linalostahili kuangaliwa na kila mwalimu. Bahasha ya dawa hospitalini huandikwa 2 × 3, na kila mgonjwa huisoma vidonge viwili kutwa mara tatu: namba ya kwanza ni ukubwa wa fungu, na ya pili ni idadi ya mara. Hivyo ndivyo Kiswahili kinavyolitumia neno mara, na kwa usomaji huo 2 × 3 ni mbili kuongeza mbili kuongeza mbili. Vitabu vilivyofuata mpangilio wa Kiingereza humwonyesha mtoto 2 × 3 kama mafungu mawili yenye vitu vitatu. Jibu ni 6 kwa njia zote mbili, lakini picha ni tofauti, na mtoto aliyesoma bahasha ya dawa ya bibi yake anaweza kuchanganyikiwa mbele ya mchoro wa kitabu bila kuwa na kosa lolote. Katika kugawanya tofauti hiyo huwa kubwa zaidi. Maembe 12 wakigawana watoto watatu, kila mmoja anapata manne. Maembe 12 yakipangwa katika mafungu ya matatumatatu, yanatoka mafungu manne. Hesabu iliyoandikwa ni 12 ÷ 3 katika hali zote mbili, ingawa kugawana na kupanga mafungu ni kazi mbili tofauti mikononi mwa mtoto, na anahitaji kuzifanya zote.

Hukumu ya historia hii ni kwamba kila kipindi kilichotupa kimoja kati ya fungu na jedwali kililipa gharama. Soko la kale lilikuwa na fungu lakini mara nyingi lilikosa maandishi ya kubeba hesabu kubwa; shule ya mtihani ilikuwa na jedwali lakini ilizalisha wanafunzi waliojua majibu bila kujua maswali. Elimu ya mirathi na shamba la shule ndizo zilizokaribia kuviweka pamoja, kwa sababu katika zote mbili hesabu ilikuwa na kazi ya kufanya. Mwalimu wa darasa la pili na mzazi wa nyumbani hawana haja ya kusubiri mtaala mwingine. Wamwache mtoto apime mchele kwa kikombe hadi sufuria ijae, agawe chapati kwa ndugu zake na aseme zimebaki ngapi, apange kete kwenye bao, kisha wamwonyeshe jinsi ya kuandika alichokifanya, na mwisho wamtake alijue jedwali kwa moyo. Mpangilio huo ukifuatwa, tebo haitahitaji fimbo.